Mwongozo Kamili wa Kuchagua Amplifaya Ndogo ya Valvu kwa Gitaa la Nyumbani

Mpiga gitaa wa nyumbani akiamua kununua amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa taa za kioo zinazowaka ndani yake, kwa kawaida huanza na swali moja: wati ngapi zinatosha chumbani? Huambiwa tano. Anainunua, anaiwasha, na jioni hiyohiyo jirani anabisha hodi. Nobu ya sauti haijafika hata robo, na ule utamu wa valvu alioufuata bado haujaanza kusikika. Wapo wanaorudi dukani kuchukua ya wati 1, na tatizo linabaki palepale.

Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Wati hutaja kikomo cha juu cha nguvu ya amplifaya, wala hazisemi chochote kuhusu namna itakavyosikika ikipigwa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo hali ambamo mtu wa nyumbani ataitumia karibu kila siku. Kwa hiyo hapa tutaanza na sauti ambayo nyumba yako inaivumilia, kisha tutatafuta amplifaya inayopendeza kwenye sauti hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Gitaa lako mwenyewe na waya wake. Gitaa la dukani litakudanganya, kwa sababu pikapu zake, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, huenda zina nguvu kuliko zako au dhaifu kuliko zako.
- Simu yenye programu ya kupima desibeli. Kwa wenye iPhone, taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inatoa programu ya bure inayoaminika. Kwa simu nyingine, programu yoyote itafaa kulinganisha sauti moja na nyingine, ingawa namba zake zisichukuliwe kama vipimo vya maabara.
- Futi kamba, tochi ndogo na penseli ya mbao.
- Daftari la kuandikia namba utakazozipata.
- Bajeti iliyokatwa mafungu mawili. Fungu kubwa ni la amplifaya. Dogo, takriban moja ya tano, ni la valvu za akiba, fyuzi na kinga ya umeme. Asiyetenga fungu hili mapema hulitoa baadaye kwa uchungu.

## Hatua ya 1: Pima kikomo cha sauti cha nyumba yako

Washa redio au televisheni katika chumba utakachopigia, uipandishe hadi pale unapoona kwamba ikizidi hapo utasumbua watu. Keti mahali utakapoketi na gitaa, shika simu usawa wa sikio, kisha soma desibeli. Andika namba ya mchana, halafu urudie zoezi usiku baada ya saa tatu, wakati mtaa umetulia.

Kipimo hiki kinahitajika kwa sababu kumbukumbu ya sikio si ya kutegemewa, na namba hii ndiyo utakayokwenda nayo dukani. Kwa kulinganisha, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu na desibeli 60. Desibeli 85 ndiyo mpaka ambao NIOSH inaushauri kwa mtu anayekaa kwenye kelele saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 100 muda salama ni dakika 15 tu.

Tahadhari. Besi hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Ukiwa katika ghorofa au nyumba za kupanga zinazoshirikiana ukuta, mwombe mtu asimame upande wa pili asikilize, kwa sababu namba ya upande wako haitakwambia jirani anasikia nini.

Dalili ya kufaulu. Una namba mbili daftarini, ya mchana na ya usiku. Ikiwa ya usiku iko chini ya desibeli 70 na usiku ndio wakati wako pekee wa kupiga, nakushauri uahirishe ununuzi wa valvu na uchukue amplifaya ya kidijitali yenye tundu la hedifoni. Pesa yako itazaa muziki zaidi huko.

## Hatua ya 2: Badilisha wati kuwa sauti

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kila spika ya gitaa ina kipimo cha wepesi wake, yaani desibeli inazotoa ikipewa wati 1 na kusikilizwa kutoka mita 1. Spika nyingi za gitaa huwa kati ya 95 na 100. Celestion Greenback ya inchi 12, kwa mfano, imeandikwa 98, na Vintage 30 ya kampuni hiyohiyo imeandikwa 100. Kutoka hapo kanuni ni mbili: nguvu ikizidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3; nguvu ikizidishwa mara kumi, sauti hupanda desibeli 10, na sikio la kawaida huhesabu kupanda huko kama sauti iliyokuwa kubwa maradufu.

Chukua spika ya 97 na uhesabu:

- wati 0.1 hutoa desibeli 87;
- wati 1 hutoa desibeli 97;
- wati 5 hutoa desibeli 104;
- wati 15 hutoa takriban desibeli 109.

Tazama pengo kati ya wati 1 na wati 15. Ni desibeli 12, yaani zaidi kidogo ya maradufu kwa sikio, wakati mnunuzi alidhani ni mara kumi na tano. Tazama pia mstari wa kwanza: hata sehemu ya kumi ya wati, ikisukumwa hadi mwisho, inavuka ule mpaka wa 85. Kuta za chumba nazo hurudisha sauti, kwa hiyo ndani ya nyumba haipungui haraka unaposogea mbali kama inavyopungua uwanjani.

Ndiyo maana amplifaya ya wati 1 iliyofunguliwa yote humfanya mtu aliye chumba cha pili apaze sauti anapozungumza. Na ndiyo maana kumhukumu muuzaji kwamba amekudanganya wati si haki. Alichokupa ni wati 1 kweli.

Dalili ya kufaulu. Unaweza kuchukua amplifaya yoyote, ukasoma wati zake na kipimo cha spika yake, ukakadiria kikomo chake cha juu bila kumuuliza mtu.

## Hatua ya 3: Amua kama unataka sauti safi au mkwaruzo

Mkwaruzo wa amplifaya ya valvu huzaliwa sehemu tatu: kwenye valvu ndogo za mwanzo, kwenye valvu kubwa za kutoa nguvu, na kwenye spika yenyewe inapolemewa. Mkwaruzo wa valvu ndogo unaweza kupatikana kwa sauti ya chini, iwapo amplifaya ina nobu ya geini mbele (ya kuzisukuma valvu ndogo) na nobu ya masta nyuma yake (ya kupunguza sauti inayotoka). Ule wa valvu kubwa na wa spika haupatikani bila kuzisukuma, na kuzisukuma ni kelele. Jiulize kwa unyofu unaotaka ni upi.

Anayepiga rumba ya Kongo, benga au muziki wa dansi kwa kawaida anatafuta sauti safi, inayong'aa, ambayo kila nyuzi inasikika peke yake. Huyu ana bahati. Sauti safi ya desibeli 80 chumbani hutumia chini ya sehemu ya kumi ya wati kwa wastani, na hata ile mipigo mikali ya kidole inayoruka juu ya wastani haimalizi wati 1. Amplifaya ya wati 5 itamtosha, mradi gitaa lake halina pikapu zenye nguvu nyingi za kulemea valvu ya kwanza. Akipanga kuibeba kwenda kanisani au kwenye mazoezi ya bendi yenye ngoma kamili, basi achukue ya wati 12 hadi 15 yenye masta nzuri, kwa sababu ngoma zitaimeza wati 5 na sauti itaanza kukwaruza palepale alipotaka iwe safi.

Anayepiga bluzi au roki, akitaka mkwaruzo mtamu wa valvu kubwa, ndiye mwenye kazi ngumu. Kwake wati 5 ni nyingi, na Hatua ya 5 imeandikwa zaidi kwa ajili yake.

Dalili ya kufaulu. Umeandika sentensi moja daftarini, kwa mfano: "Nataka sauti safi kwa desibeli 75 nyumbani, na ya kutosha kanisani mara moja kwa wiki."

## Hatua ya 4: Soma valvu zilizomo

Majina ya valvu yanachanganya kwa sababu Ulaya na Marekani ziliyapa majina tofauti. ECC83 na 12AX7 ni valvu moja, nayo ni ile ndogo ya mwanzo. ECC82 na 12AU7 ni moja. EL84 na 6BQ5 ni moja, nayo ni ya kutoa nguvu. 6V6 pia ni ya kutoa nguvu, na ndiyo iliyo ndani ya Fender Champ.

Amplifaya yenye EL84 au 6V6 moja hutoa takriban wati 4 hadi 6. Yenye EL84 mbili zinazosaidiana hutoa takriban 15, na katika kundi hili zimo Vox AC15 na Fender Blues Junior. Zile za wati 1, kama Blackstar HT-1, hutumia valvu ndogo ya ECC82 mahali pa valvu kubwa.

EL84 huwa na ukali wa juu unaokata, na 6V6 huwa ya mviringo zaidi. Usiufanye uchaguzi huu kuwa mgumu: mpangilio wa nobu na ukubwa wa spika vitabadilisha sauti kuliko jina la valvu.

Tahadhari ya machotara. Zipo amplifaya zinazotangazwa kuwa za valvu ambazo ndani zina valvu moja tu ya mwanzo, na nguvu yote hutolewa na transista, yaani vipande vidogo vya kielektroniki visivyo na kioo wala moto. Orange Micro Terror ni ya aina hiyo: ina 12AX7 moja na wati 20 za transista. Ni kifaa kizuri kwa bei yake, ila haitakupa ule ulaini wa valvu kubwa inapoanza kuchoka. Kuitambua ni rahisi. Mulika tochi kwa nyuma, hesabu valvu, na utafute transfoma mbili. Moja ni ya umeme, ya pili ni ya kupeleka sauti kwenye spika. Ukiona valvu moja ndogo, wati nyingi na uzito wa mkate, hiyo ni chotara.

## Hatua ya 5: Chunguza njia ya kupunguza sauti

Kama utaikagua amplifaya kwa jambo moja tu, likague hili. Njia ziko nne, na nazipanga kwa mpangilio ninaouamini.

Swichi ya nguvu. Marshall DSL5CR hushuka kutoka wati 5 hadi 0.5, na DSL1CR kutoka 1 hadi 0.1. Bugera V5 ina ngazi tatu: 5, 1 na 0.1. Laney Cub 12R ya wati 15 ina tundu la pili lililo chini ya wati 1. Ukirudi kwenye hesabu ya Hatua ya 2, kushuka mara kumi ni desibeli 10, yaani nusu ya sauti kwa sikio. Ni msaada mkubwa, lakini si muujiza; kutoka 104 unafika 94, na jirani bado yuko macho.

Masta. Hii hukuruhusu kujaza geini na kubana mlango wa kutokea. Ubora wake hutofautiana mno. Masta mbaya hukaa kimya hadi robo, kisha hulipuka kwa kuguswa kidogo. Masta nzuri hupanda polepole na haiui ung'avu wa sauti inapokuwa chini. Karatasi za matangazo hazikwambii hili. Vidole vyako ndivyo vitakavyokwambia, katika Hatua ya 8.

Kipunguza nguvu cha nje. Wauzaji hukiita atenyueta. Hukaa kati ya amplifaya na spika, kikala sehemu ya nguvu na kuigeuza joto. Sharti la kwanza ni kwamba omu zake, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zilingane na tundu la amplifaya unalolitumia, iwe 4, 8 au 16. Sharti la pili ni kwamba wati zake zizidi za amplifaya. Mimi hupendelea mara mbili, kwa kuwa valvu zikisukumwa hadi mwisho hutoa zaidi ya wati zilizoandikwa. Kifaa kizuri cha aina hii kinaweza kukaribia bei ya amplifaya yenyewe, kwa hiyo kihesabu ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Kubadilisha valvu ya kwanza. Hii inawafaa wenye amplifaya isiyo na masta, kama Champ yenye nobu moja tu. Ukitoa 12AX7 na kuweka 5751 au 12AY7, ambazo hukuza kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, nobu ya sauti haitaruka tena kutoka kimya hadi kelele kwa upana wa unywele. Kikomo cha juu hakishuki sana, ila unapata nafasi ya kuchagua.

Tahadhari. Hata kwa njia bora kabisa, sauti ya chini husikika tofauti, kwa sababu sikio hupokea besi na sauti nyembamba kwa udhaifu zaidi kelele inapopungua. Ongeza besi kidogo kwenye amplifaya kabla ya kuilaumu.

## Hatua ya 6: Chagua spika na umbo

Amplifaya huuzwa kwa maumbo mawili: kombo, ambapo kila kitu kiko ndani ya boksi moja, na kichwa kinachohitaji boksi la spika la pembeni. Kwa nyumbani kombo ni nafuu na haina mengi ya kukosea. Kichwa kinafaa ikiwa tayari una boksi, au unataka kubadilisha spika baadaye.

Spika ya inchi 8 hupunguza besi, jambo ambalo jirani atalishukuru, lakini sauti yake inaweza kuonekana imebanwa. Inchi 10 ni wastani mzuri kwa chumba cha kulala. Inchi 12 hutoa mwili na upana, na kinyume na wanavyodhani wengi, si lazima ipige kelele zaidi. Tazama kipimo chake cha desibeli. Spika ya 97 badala ya ya 100 inakupunguzia desibeli 3, sawa na kukata nusu ya wati, bila kugusa kitu kingine.

Onyo la kuzingatiwa. Usiwashe kichwa cha valvu na kukipiga bila spika kuunganishwa. Nguvu isipopata pa kwenda, transfoma ya sauti inaweza kuungua, na hiyo ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi ndani yake. Kadhalika, kati ya kichwa na boksi tumia waya wa spika, usitumie waya wa gitaa. Plagi zao hufanana, lakini wa gitaa ni mwembamba ndani na haukutengenezwa kubeba nguvu hiyo.

## Hatua ya 7: Hakikisha umeme unalingana

Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za Ghuba kama Oman na Falme za Kiarabu zinatumia umeme wa volti 220 hadi 240 wenye mzunguko wa 50 kwa sekunde (50Hz). Marekani na Kanada hutumia volti 120 na mzunguko wa 60. Amplifaya iliyoletwa na ndugu kutoka Chicago, ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Mombasa, inapokea karibu maradufu ya ilichotengenezewa. Ikibahatika itakata fyuzi tu. Iliyotoka Dubai au Uingereza kwa kawaida huja tayari na volti zetu na plagi ya pini tatu bapa.

Kabla ya kulipia bidhaa iliyo mbali, muulize muuzaji kwa ujumbe ulio wazi: "Habari ndugu, naomba unipigie picha ya kibati cha nyuma mahali palipoandikwa volti na wati, na nyingine ya valvu zikiwa zimewaka." Muuzaji mwaminifu huzituma upesi. Akizungusha maneno, tafuta mwingine.

Ikiwa kibati kinasema 120V, utahitaji transfoma ya kushusha volti. Soma wati za umeme zilizoandikwa kwenye kibati, ambazo ni tofauti na wati za sauti na huwa kubwa kuliko hizo kwa mbali, kisha ununue transfoma yenye uwezo usiopungua maradufu. Hakikisha pia kibati kinataja 50/60Hz. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 pekee hupata joto zaidi kwenye 50, na chumba cha pwani chenyewe tayari kina joto la kutosha.

Umeme unaopanda na kushuka nao ni adui. Stebilaiza nzuri inastahili gharama yake, na katika mitaa ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, chomoa kabisa amplifaya mara unapokatika. Wanaotumia inveta wajue kwamba zile za bei rahisi, ambazo umeme wake si laini, hupenyeza mvumo kwenye spika.

Maonyo mawili. Usikate pini ya erthi ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe uliyeshika nyuzi za chuma. Na usifungue amplifaya ya valvu hata kama imechomolewa, kwa sababu kapasita zake huweza kuhifadhi volti mia kadhaa baada ya kuzimwa. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kuzitoa chaji.

## Hatua ya 8: Ijaribu kwa sauti ya nyumbani

Dukani kila amplifaya hupendeza, kwa kuwa kila mtu huijaribu kwa sauti ya dukani. Wewe fanya hivi.

1. Iwashe bila gitaa, nobu zote zikiwa sifuri, usubiri dakika mbili au tatu valvu zipate moto. Kamvumo kadogo ni kawaida. Mvumo unaosikika ukiwa umeketi mita 1 utakukera kila usiku.
2. Tazama valvu. Nyuzi za ndani kung'aa rangi ya chungwa ni sawa, na mwanga wa buluu ndani ya valvu kubwa pia ni sawa. Bamba la chuma la valvu kubwa likianza kuwa jekundu, izime mara moja; kuna hitilafu.
3. Pandisha sauti kidogo, gonga kila valvu taratibu kwa penseli. Inayolia kama kengele kwenye spika imechoka.
4. Chomeka gitaa lako, weka simu mita 1, na upandishe hadi namba uliyoiandika nyumbani. Usizidi hapo. Sasa piga vitu unavyovipiga kila siku kwa dakika ishirini: kodi za wazi, solo, mipigo laini ya kidole.
5. Ukiwa kwenye namba hiyo, izungushe masta polepole mbele na nyuma. Ikiwa nafasi yote unayoweza kuitumia iko ndani ya upana wa kucha, utaishi na kero hiyo.
6. Punguza sauti kwenye gitaa hadi nusu. Amplifaya nzuri huondoa mkwaruzo bila sauti kufa.
7. Zungusha kila nobu na utikise kila jeki. Mikwaruzo ya vumbi husafishika. Sauti inayokatika ni ya fundi.

Muuzaji atakuhimiza uiongeze "ili usikie uwezo wake". Mshukuru kwa heshima na uendelee na namba yako.

Dalili ya kufaulu. Umesahau kutazama simu na umeendelea kupiga. Ikiwa dakika ishirini zimekuwa za kuhangaika na nobu, iache hata kama bei ni ya kutupa.

## Hatua ya 9: Iweke nyumbani na uiwekee akiba

Usiiweke sakafuni wala kwenye kona, kwani vyote viwili huongeza besi, na sakafu ya ghorofa huipeleka kwa wa chini. Iinue kwenye kiti imara au stuli, uiinamishe kidogo itazame juu kuelekea masikioni, mgongo wake ukiwa mbali na ukuta mnaoshirikiana na jirani. Acha nafasi ya kutosha nyuma ili joto litoke, wala usiifunike kitambaa ikiwa imewaka. Baada ya kuizima, ngoja ipoe kabla ya kuihamisha, maana valvu yenye moto huvumilia mitikisiko vibaya.

Wakazi wa Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani wana adui wa ziada: hewa ya chumvi, inayokula jeki na nobu. Funika amplifaya inapokuwa imepoa, weka pakiti za kunyonya unyevu ndani ya kifuniko, na uiwashe walau mara moja kwa wiki.

Kuhusu akiba, nunua kwa mpangilio huu: fyuzi za kipimo kilekile kilichoandikwa nyuma, kisha 12AX7 moja, kisha valvu za nguvu. Fyuzi isizidi kipimo kile hata kidogo. Nyingi ya amplifaya zenye valvu moja ya nguvu hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo unaweza kubadilisha bila fundi zikiwa zimezimwa, zimechomolewa na zimepoa. Zenye valvu mbili za nguvu hutofautiana: valvu zinunuliwe zikiwa jozi iliyopimwa pamoja, na kama kitabu chake kinataja marekebisho ya bayasi, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye valvu zikiwa zimetulia, mwite fundi. Ukiwa na ndugu anayesafiri kutoka Ulaya, mwagize valvu hizi sasa kabla hujazihitaji, na umwombe azibebe kwenye mkoba wa mkononi, kila moja ndani ya boksi lake.